Dari ya bafu imeota ukungu, wakala anataka kukata dipoziti

Mama Zuhura, Ngara: Shikamooni wakubwa, wengine habari za asubuhi. Nyumba ninayopanga hapa Nairobi ni ya zamani, paa la vigae, dari ya bafu ya softibodi (ubao laini wa nyuzi). Tangu Juni imejaa ukungu mweusi na mtoto anakohoa. Jana nimeleta fundi kwa hela yangu. Ameng'oa vipande 2 tu, ofisi ya wakala ikanipa barua: nimegusa nyumba bila kibali, dipoziti itakatwa. Wanataka fomu, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na kadi ya mgeni, kitambulisho chetu sisi Watanzania tunaoishi Kenya. Kadi niliomba eCitizen, tovuti ya serikali, tangu mwezi wa 5, haijatoka. Je, pasipoti inatosha?

Baba Neema, Umoja: Pole sana dada. Mimi nilipaka rangi ya mafuta juu ya ukungu, mara 2. Zilipokuja mvua za vuli yote ikabanduka. Wapeleke RRT hao, baraza la kesi za wapangaji.

Mjomba wa Buruburu: Baba Neema, usimpotoshe mwenzio. RRT ni ya kodi ya nyumba isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ngara utaipata wapi? Na rangi haiponyi kitu. Mvuke wa shawa ukikuta dari ya baridi unageuka maji, na Julai ya huku mnaijua. Softibodi ikishanyonya, jiki haifiki ndani. Ing'oe yote, kagua vigae vilivyopasuka, acha mbao zikauke kabisa, ndipo upige jipsamu ya kijani. Feni itoe hewa hadi nje ya ukuta. Ikiishia darini, mbao za paa zitaoza.

Fundi wa Tanga, South B: Mjomba, jipsamu ya kijani inastahimili unyevu tu, vigae vikivuja italoa kama nyingine. Bafuni mimi napiga PVC, dari ya plastiki. Na mama, simamisha kazi kwanza! Nyumba za umri huo nyingine zina asbesto. Vumbi lake linaleta saratani, na taka zake ni za wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, si za kubeba na mkokoteni.

Bi Mkubwa, Pangani: Marahaba wanangu. Kwetu Pangani ile ya Tanga bafu lilikuwa uani, juu wazi, unaoga unatazama mnazi. Ukungu sikuujua mpaka nilipohamia Pangani hii ya Nairobi.

Baba Neema, Umoja: Bi Mkubwa umenikumbusha nyumbani. Mimi kinachoniuma ni hii Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko la Pamoja lilianza 2010, mpaka leo Mtanzania anaulizwa kadi ya mgeni kwa ajili ya bafu!

Mjomba wa Buruburu: Kadi hiyo haikufutwa na Soko la Pamoja. Soma itifaki.

Mama Zuhura, Ngara: Asanteni. Fundi nimemsimamisha, mlango wa bafu nimeufunga, tunaoga kwa jirani. Ofisi inafungwa saa 11 jioni. Pasipoti wanaikubali au hawaikubali?

Bi Mkubwa, Pangani: Mtoto mpe maji ya tangawizi, mwanangu. Kikohozi kikizidi, hospitali.