Saa ya bronzi imeota kutu ya kijani, niisugue?

Swali: Wakuu, saa yangu ya kuzamia hupata madoa ya kijani pembeni ya pete inayozunguka kioo kila nikitoka kuogelea baharini Raskazone, Tanga. Nitumie stilwaya?

Jibu: Stilwaya hapana, itaikwaruza. Chumvi ya bahari ndiyo inakula shaba iliyomo kwenye bronzi. Kaza kitufe cha majira, vua mkanda wa ngozi, suuza kwa maji ya bomba huku ukizungusha pete, kausha. Madoa sugu: maji ya ndimu na mswaki laini, dakika chache, suuza tena.

Jibu: Ila ndimu inaondoa na ile rangi nzuri ya kahawia ambayo bronzi hujipatia ikikaa, mkuu. Gusa doa tu, kwa kijiti cha pamba. Bronzi yenye alumini huchelewa kubadilika rangi kuliko yenye bati.

Jibu: Mkono ukiwa kijani, sabuni inatosha.