Nairobi ya vita kwa miguu: taoni, Ngong Road au Kariokor?

Mpwa_wa_Bungoma
Wadau, mama anakuja wiki ijayo. Ana miaka 71 na goti moja linamsumbua. Mjomba wake aliingia jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Pili, kikosi cha mizinga, akaenda moja kwa moja, asirudi tena. Mama hakuwahi kumwona. Tuna Jumamosi moja tu, nami nimepata njia tatu: (a) kiongozi wa taoni, matembezi ya muda wa saa tatu, 1,500 kwa kichwa, (b) kwenda wenyewe Makaburi ya Vita, Ngong Road, (c) kijana anayetembeza watu Eastlands, Kariokor hadi Kaloleni, kwa 1,000. Mngechagua ipi?

Mtembezi254
Nimeenda (a) mara mbili na viongozi tofauti. Mnaanzia kwa Askari wa shaba pale Kenyatta Avenue, sanamu za 1928. Maandishi yake yana lugha tatu, Kiswahili kikiwemo, na wapagazi wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Kiongozi wa kwanza alitusomesha kwa sauti, wapita njia wakasimama kusikiliza. Wa pili alipiga picha akasonga.

Kisha Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigania uhuru, pale Mama Ngina Street, sanamu iliyozinduliwa Februari 18, 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe. Mwisho Uhuru Park, ukumbusho wa Mau Mau wa 2015: mwanamke anampa mpiganaji chakula, na hawatazamani, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Pesa zilitoka Uingereza, baada ya makubaliano ya 2013 na wazee 5,228 walioteswa.

Ila Vita vya Pili havigusiwi sana. Na ni kusimama tu, goti litalalamika.

Shangazi_wa_Jogoo
Mimi ni (c) bila kusita, ingawa nakubali hakuna cha kupiga picha. Kariokor ni "Carrier Corps" ilivyotamkwa na watu wetu. Kambi ya wapagazi ilikuwa pale. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza, wanaume walikusanywa kwa nguvu vijijini kubebea jeshi mizigo hadi Tanganyika. Wengi hawakufa kwa risasi. Kuhara, malaria, njaa, ndivyo vilivyowamaliza. Leo unanunua kiondo na nyama choma juu ya historia hiyo, na siku niliyoenda sikuona kibao chochote.

Kaloleni nako, nyumba zilijengwa na mateka wa Kiitaliano miaka ya 40. Ukiwa huko muulize kijana akueleze Aprili 24, 1954, siku Waingereza walipouzingira mji mzima na kuwazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kuwapeleka kambini. Kaa chini usikilize, usimharakishe.

Bin_Gerezani
Salamu kutoka Dar. Sisi Kariakoo yetu jina ni lile lile, na Askari wetu kachongwa na fundi yule yule mwaka 1927. Ila wetu kasimama peke yake, nyinyi mmepewa watatu. Mlihonga nani?

Mzee_wa_Dagoretti
Mpwa, rudi kwenye neno lako mwenyewe: kikosi cha mizinga. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu kama 1,300, wakiwemo mamia ya vijana wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hawana kaburi. Majina yao yako kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi hayo ya Ngong Road.

Sisemi mjomba alikuwemo. Nasema kabla ya kulipa mtu yeyote, tafuta jina. Kuingia ni bure. Panda matatu ya 111, beba kiti cha kukunja na chupa ya chai, mwache mama akae anavyotaka.

Shangazi_wa_Jogoo
Mzee kasema kweli, kwa huyu mama nabadilisha kura. Lakini niongeze: tume inayotunza makaburi hayo ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu 116,000 au zaidi, wengi wao Waafrika wa Vita vya Kwanza, hawakuandikwa majina popote. Kwa hiyo Ngong Road wana jiwe, Kariokor wana soko.

Mtembezi254
Na majina yaliandikwa jinsi karani alivyosikia. Tafuta kwa herufi tofauti tofauti. L na R hasa.

Mpwa_wa_Bungoma
Nimempigia mama. Kumbe jeshini mjomba alijiandikisha kwa jina la babake, si lile la nyumbani, na mama ameshasahau lipi lilitangulia. Anamuuliza dadake mkubwa leo jioni. Jumamosi asubuhi ni Ngong Road. Goti likiruhusu, mchana tunakula nyama Kariokor.

Shangazi_wa_Jogoo
Mkifika sokoni niambie, nina mtu wangu wa mbavu.