Mfumo wa wodini haukujaribiwa na muuguzi hata mmoja, kosa likitokea tunaambiwa "mtumiaji kakosea"

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku na hasira bado hazijanishuka, mnivumilie.

Mimi ni muuguzi. Wodi yetu iliwekewa mfumo wa kompyuta na karatasi zikaondolewa. Sipingi kompyuta, maana mafaili yaliyopotea na miandiko isiyosomeka vimenitesa miaka. Ninachopinga ni kuletewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukaa akamtazama muuguzi akikitumia.

Usiku wa jana daktari aliniagiza kwa simu nimwandikie mgonjwa kwenye mfumo kidonge cha mofini, dawa kali ya maumivu, cha miligramu 10. Nikafungua orodha ya dawa. Kompyuta imepanga nguvu za vidonge kama maneno badala ya namba, kwa hiyo 10 inafuatwa na 100, kisha 15, kisha 200, ndipo 30. Herufi ndogo, mistari imebanana. Kabla sijahifadhi, mgonjwa wa kitanda cha jirani akaanza kutapika, nikamkimbilia. Niliporudi mfumo ulikuwa umenitoa na nilichoandika chote kimefutika. Nikaingia upya, mikono bado ina maji, nikabofya mstari wa chini yake. Madirisha matatu ya onyo yakafunguka, yaleyale yanayofunguka hata ukiandika panadoli, nikayafunga kama ninavyoyafunga kila siku. Nilishtukia kabatini, pakiti ya 100 iko mkononi.

Mgonjwa hakudhurika. Asubuhi nikaripoti mwenyewe. Jibu nililopewa: kosa la mtumiaji, nirudie mafunzo.

Nilipouliza kama mfumo ulitathminiwa, nikaambiwa ndiyo. Tathmini yenyewe naikumbuka vizuri. Tulikusanywa ukumbini, mtu akabofya harakaharaka ukutani kwa jina la mgonjwa wa kubuni, halafu tukagawiwa fomu ya "umeridhika?" na kutia saini. Hakuna aliyeshika kibodi. Walichopima ni kama vitufe vinafanya kazi. Kama mtu aliyechoka, anayeitwa huku na kule, anaweza kuvitumia bila kukosea, hilo hawakuligusa.

Na kulipima hilo wala si elimu ngeni. Unawapa wauguzi kazi halisi, unakaa nyuma yao kimya, unawaomba waseme kwa sauti wanachowaza, unaandika kila wanapokwama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, amesema miaka mingi kwamba watu watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Watano! Zamu moja ya wodi yetu ina watu wa kutosha. Ukitaka alama za urahisi wa kutumia, mtaalamu mwingine, John Brooke, alitunga dodoso la maswali 10 tangu mwaka 1986, linalotoa alama kati ya 0 na 100, za juu zikiwa ndizo nzuri, na wastani wa mifumo ya kila aina ni kama 68. Madaktari wa Marekani walipoulizwa kwa dodoso hilohilo kuhusu mifumo yao ya kumbukumbu za wagonjwa, wastani ulikuwa 45.9. Tatizo linajulikana na lina namba. Anayesema hakujua hakutaka kujua.

Hayo madirisha ya onyo ndiyo yananitisha kuliko yote. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Programu ilikuwa na kasoro, lakini pia skrini ilikuwa ikiandika "hitilafu 54" bila kueleza ni hitilafu gani, na ilitokeza hitilafu za namna hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea. Mlio unaolia kwa kila kitu hauonyi chochote. Na aliyeuzoea hatibiwi kwa semina.

Sitarudia mafunzo kimyakimya. Nimeandika barua: orodha ipangwe kwa namba, mfumo uhifadhi nilichoandika kabla ya kunitoa, maonyo yabaki ya hatari za kweli, na walioutengeneza waje wakae nyuma yetu zamu moja nzima ya usiku, si saa nne asubuhi wodi ikiwa shwari.

Wenzangu wa wodi, famasi na maabara: kuna aliyewahi kutazamwa hivyo akifanya kazi kabla mfumo haujawashwa? Na kama mliwahi kuandika barua ikasikilizwa, mliipeleka kwa nani?