Naomba ushauri: ng'ombe hawali majani yaliyo kando ya mavi

Ndugu wafugaji, hamjambo. Nina ng'ombe wachache huku Witu, Lamu. Tangu masika, malisho yamekuwa madoa madoa. Palipoanguka mavi, majani ya chini yamefunikwa yakafa, lakini pembeni yamestawi hadi magotini, kijani cha kukoza. Naelewa, ni naitrojeni ya samadi. Kinachoniudhi, ng'ombe hawayagusi! Wananusa, wanageuza shingo, kisha wanarudi kuguguna palepale palipokwisha kubaki udongo. Wakati wa mvua dundu huyamaliza mavi upesi. Kiangazi hukauka yakawa magumu kama chapati ya juzi.

Je, niyatawanye kwa reki, au nitaeneza mayai ya minyoo malisho yote? Jirani anasema nilete mbuzi, wao watayala hayo majani. Kuna aliyejaribu?