Re: Rangi ya sakafu ya besimenti: pimeni unyevu kwanza

Kutoka: mpangaji, Makindye

Salaam jamaa. Chumba cha chini (besimenti) hapa kwetu Kampala kina mita 4 kwa 5, sakafu ni zege lililopigwa niru (saruji laini ya juu), laini kama kioo. Upande wa mlimani, kandokando ya ukuta, kuna unga mweupe unaorudi kila ukifagiwa. Mwenye nyumba ameruhusu rangi, ila kwa mfuko wetu. Tununue epoksi (rangi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) au rangi ya mafuta?

Kutoka: fundi, Ntinda

Dada, usinunue lolote bado. Huo unga ni chumvi. Maji ya ardhini hupenya zege yakiwa yamezibeba, yakifika juu hukauka na kuziacha hapo. Ukiyaziba kwa epoksi hayaachi kupanda; yanasukuma rangi kutoka chini, kwanza malengelenge ya ukubwa wa sarafu, kisha magamba ya ukubwa wa sahani. Rangi ya mafuta ni mbaya zaidi. Saruji ina alkali, na alkali ikikutana na mafuta penye unyevu hutengeneza sabuni. Ndiyo, sabuni yenyewe. Rangi inalainika na kunata kwenye kandambili.

Pima hivi. Kata vipande vitatu vya nailoni nene inayopenya mwanga, kila kimoja sentimita 45 kwa 45. Kimoja kiweke karibu na ukuta wa mlimani, kimoja katikati, kimoja mlangoni. Bana pande zote nne kwa tepu ipasavyo, hewa isipite, uache saa 24. Ukifunua ukakuta matone upande wa chini wa nailoni, au zege limebadilika rangi na kuwa jeusi kuliko jirani yake, maji yanatoka ardhini. Fanya kipimo msimu wa mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba. Cha Julai kitakudanganya.

Kutoka: Mzee wa Muyenga

Naongeza kwa fundi. Tazama na upande wa juu wa nailoni. Matone yakiwa juu, chini pakavu, hayo si ya ardhini, ni hewa inayotoka jasho kwenye sakafu baridi. Nyumba zilizochimbwa mlimani huwa na sakafu baridi mchana kutwa; ukifungua madirisha saa nane mchana mvua ikiwa imetoka kunyesha, hewa yenye joto na unyevu inaingia na kulowesha sakafu. Watu wanafungua ili ikauke, kumbe ndiyo wanailowesha. Fungua siku kavu, funga mvua ikianza.

Na kabla ya rangi, toka nje uangalie paa. Bomba la mfereji wa paa likimwaga maji kwenye msingi upande wa mlimani, hakuna rangi ya kushindana nalo. Liongezwe bomba lifike angalau mita 2 mbali na ukuta, na mtaro wa upande wa mlimani uzibuliwe udongo mwekundu ulioujaza. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, dada, si yako. Mwambie kabla hujafungua pochi.

Kutoka: mpangaji, Makindye

Asante sana wazee wangu. Tumepima: karibu na ukuta kuna matone chini, katikati na mlangoni pakavu. Sasa?

Kutoka: fundi, Ntinda

Basi usipake chumba kizima kwa epoksi. Mtaro na bomba vikisharekebishwa, ngoja mvua za kutosha zipite, upime tena. Pakiwa bado na matone una njia ya bei nafuu inayoruhusu zege lipumue: dawa ya silikati ya kugumisha zege. Haitengenezi ngozi juu, inaingia ndani na kufanya sakafu isitoe vumbi. Haizuii maji wala haileti rangi, lakini haina cha kubanduka.

Ukitaka rangi nyekundu ile ya nyumba za zamani, ongeza tabaka jipya la niru lenye poda ya oksidi nyekundu. Poda isizidi sehemu 5 kwa 100 za uzito wa saruji. Mfuko wa kilo 50 unachukua kilo 2.5. Mafundi wengine huimimina kwa macho wakidhani ikizidi sakafu itang'aa. Ikizidi, saruji inakuwa dhaifu na poda inakupaka soksi. Tabaka la chini liwe saruji 1 kwa mchanga 3, unene wa milimita 25. Kwa mita 20 za mraba utahitaji mifuko 5 hivi ya saruji, na mchanga zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo. Parua niru ya zamani kwa grinda hadi zege libaki na mikwaruzo, safisha vumbi, loanisha, kisha piga rojo ya saruji kabla ya kumwaga. Tabaka jipya likiwekwa juu ya laini, baada ya miezi michache litasikika kama ngoma ukiligonga. Funika kwa magunia mabichi siku 7.

Kutoka: mchanganya rangi, Nakasero

Kama kipimo cha pili kitatoka kikavu chumba kizima, epoksi inafaa. Ila ninyi mna niru laini, na rangi haishiki juu ya kioo. Dondosha maji: yakikaa kama shanga kwa dakika kadhaa, sakafu imefungwa, ama kwa laini yake ama kwa nta. Nta ya sakafu iondolewe kwanza kwa maji ya moto, sabuni kali na brashi ya waya, kwa sababu asidi haiigusi nta.

Kukwaruza kwa grinda yenye diski ya almasi ndiko bora. Kodisha siku moja, vaa barakoa ya vumbi laini (kitambaa hakitoshi, vumbi la zege huharibu mapafu). Uso ukiguswa uwe kama msasa namba 120. Asidi ya hidrokloriki ni rahisi kwa bei, sehemu 1 kwa maji 4, asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Inachemka na kutoa povu, isugue, isiachwe ikauke, isuuze mara tatu, mara moja iwe na soda ya kuokea iliyoyeyushwa. Mvuke wake hukaa chini, na besimenti ndiyo chini yenyewe. Kwenye chumba kisicho na madirisha mawili ya kupitisha hewa, acha asidi.

Hesabu ya rangi: tabaka la kwanza linanyonya, lita 1 inapaka mita 6 hivi za mraba, la pili mita 8. Hivyo mita 20 za mraba zitakula lita 3.5 na lita 2.5. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kubaki. Epoksi ina sehemu mbili, ya rangi na hadina (kigumishi). Pima kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, usiongeze hadina ili ikauke upesi. Hadina ya ziada haina cha kushikana nayo, sakafu inabaki ikinata. Koroga dakika 3, ukikwangua pembe za ndoo. Kisha usiiache ndooni! Ikikaa kwa wingi hupata moto na kuganda mapema. Imimine kwenye trei mara moja, changanya kidogo kidogo. Rola yenye manyoya ya milimita 9, kingo kwa brashi, anza kona ya mbali ukirudi mlangoni.

Kati ya tabaka subiri muda uliopo kwenye kopo, kwa kawaida saa 12 hadi 24. Ukipitisha muda wa mwisho, pitisha msasa, la sivyo la pili halitashika la kwanza. Miguu ipite baada ya siku moja, vitu vizito baada ya siku 7.

Kutoka: Mzee wa Muyenga

Na jiko la makaa lizimwe, na jenereta isiwe karibu, kama kopo lina tina (kiyeyusha rangi kinachoshika moto). Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, unatafuta chini kama maji.

Kutoka: mchanganya rangi, Nakasero

Kwenye ngazi, tabaka la pili likiwa bado bichi, nyunyiza mchanga safi mkavu uliochujwa kwa chekeche laini, kama unavyotia chumvi kwenye samaki. Epoksi ikilowa huteleza, hasa kwa watoto.