Tupeane uzoefu: damu yako ya hedhi ikoje, na ulijuaje kwamba si ya kawaida?

Mwanzisha mada
Wapendwa, humu pembeni tunaulizana kila siku, hadharani kimya. Leo tuyaweke mezani. Naanza mimi.

Kwetu wanawake wote hutoka damu nyingi. Mama, shangazi, dada zangu, wote. Kwa hiyo pedi ya usiku kulowa ndani ya saa moja, kuamka kubadilisha shuka, mabonge ya damu, yote hayo tuliyaita "asili yetu". Kilichonipeleka hospitali wala si damu, ni kuhema. Ngazi zikanishinda, moyo unadunda kama nimefukuzwa. Hemoglobini, yaani kiwango cha damu, ikasoma 7, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike 12 au zaidi. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe, faibroidi, umechomoza ndani ya mji wa mimba. Daktari akaniambia ukoo mzima kutoka damu nyingi hakuifanyi kuwa ya kawaida, kwa sababu faibroidi nazo hutembea kwenye ukoo.

Vigezo alivyonipa vya hedhi ya kawaida ni hivi: mzunguko wa mtu mzima, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, huwa kati ya siku 24 na 38. Damu isizidi siku 8. Ukilowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au ukatoa mabonge yanayozidi sentimita 2 na nusu, hiyo imezidi. Vitabu husema isizidi mililita 80 kwa hedhi nzima, lakini nani anapima? Hesabu pedi.

Haya, nanyi semeni.

Mama Pacha
Mimi ni kijiti cha uzazi wa mpango. Matone ya kahawia kila mara, leo yapo, kesho hayapo. Nesi alishanionya kabla hajaniwekea, miezi ya mwanzo ndivyo kinavyokuwa. Baadaye yakapungua yenyewe. Kero tu, sikuumwa popote.

Kimyakimya
Yangu huja katikati ya mwezi, tone moja mawili, na maumivu kidogo upande mmoja wa tumbo. Nimeambiwa ni yai linapopevuka. Naona tangu usichana na sijawahi kupata shida.

Mama wa Binti
Naomba niandike kwa kirefu, wenye mabinti msome. Wangu alipovunja ungo, hedhi ikawa inaruka, inachelewa. Hilo halikunitisha, maana miaka miwili mitatu ya mwanzo mwili bado unajipanga. Kilichonitisha ni wingi. Tangu hedhi ya kwanza kabisa alikuwa anavuja mpaka kwenye sketi, anakosa shule. Tukaenda, tukapewa vidonge vya kuongeza damu, tukarudi nyumbani. Hedhi iliyofuata, yale yale.

Daktari wa pili ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Je, anatokwa damu puani? Aking'oa jino damu hukatika?" Nikamtazama mwanangu. Damu za puani tangu mdogo, na michubuko isiyo na sababu. Kipimo kikaonyesha ugonjwa wa von Willebrand, damu yake haigandi vizuri. Sasa siku zake zikianza anameza vidonge vya asidi ya traneksamiki, na tumekatazwa kumpa aspirini au ibuprofeni anapoumwa tumbo. Anasoma bila kukosa.

Mwanzisha mada
Mama wa Binti, umenigusa. Huyo mama yangu naye alivuja sana alipong'olewa jino. Namrudisha kwa daktari.

Na wewe unayeniandikia pembeni kuniuzia dawa ya kusafisha kizazi, mji wa mimba hujisafisha wenyewe, ndiyo hedhi hiyo. Usirudi.

Wa Jirani
Tahadhari moja kwa mnaotarajia hedhi halafu yakaja matone tu. Mimi hedhi ilichelewa kidogo, yakaja matone meusimeusi, nikajua ndiyo yenyewe hayo. Tumbo likauma upande mmoja, kisha, hapa ndipo nisisitize, bega likaanza kuuma. Bega! Dada yangu akanilazimisha nipime mkojo: mimba. Imetunga kwenye mrija, na damu ilikuwa inavujia ndani ya tumbo, ndiyo iliyokuwa inaniumiza bega. Nilipasuliwa siku hiyo hiyo. Matone ukiwa umechelewa, pima mimba kwanza. Ukiwa na maumivu au kizunguzungu, usisubiri asubuhi.

Bibi Mcheshi
Wajukuu, mimi hedhi iliniaga miaka mingi. Juzi nikaona doa dogo kwenye nguo, nikadhani ujana unarudi. 😀 Mkwe wangu ni nesi, hakucheka. Mwanamke akishamaliza miezi 12 bila hedhi, tone lolote ni la kuchunguzwa, hata liwe moja. Mara nyingi si saratani, ila saratani ya ukuta wa mji wa mimba hujitangaza hivyo hivyo. Wakapima unene wa ukuta, wakachukua kinyama cha kupima. Kumbe ni polipu, yaani kinyama kilichoota humo ndani, wakakitoa.

Sijui Nianzeje
Mimi damu natoka baada ya tendo tu. Si kila mara. Hedhi iko sawa. Naona aibu kwenda.

Mama wa Binti
Nenda, mpenzi. Inaweza kuwa maambukizi kama klamidia, yanatibika kwa dawa. Ila ni lazima waangalie mlango wa kizazi, maana saratani ya hapo nayo huanza kwa damu ya namna hiyo, na ikiwahiwa inatibika. Hawatashangaa, wanasikia kila siku.

Sijui Nianzeje
Siku zangu zinaanza wiki hii. Nisubiri ziishe?

Mama wa Binti
Kama kitakachochukuliwa ni kipimo cha mlango wa kizazi, wengi hupendelea damu iwe imekatika. Piga simu uulize, upange siku. Ila damu ikiwa nyingi, nenda hivyo hivyo nayo.