Tupeane uzoefu: saa za ng'ambo zinaposogezwa, hesabu za tarehe zinavurugika

Wadau, hamjambo. Hapa Nairobi tuko UTC+3 (saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia) Januari hadi Desemba, saa ya ukutani haiguswi. Naona ndiyo sababu kosa hili hutunasa sana: msimbo tunaujaribu kwenye mashine za hapa, unapita bila shida, halafu unaenda kwa mteja ambaye saa yake husogezwa mara mbili kwa mwaka, saa moja mbele kisha saa moja nyuma.

Naanza na langu. Niliandika mfumo wa kukodisha magari kwa mteja wa New York. Kupata idadi ya siku, nilichukua saa sita usiku ya siku ya kuchukua gari na saa sita usiku ya siku ya kulirudisha, nikatoa, nikagawanya kwa milisekunde 86,400,000 (yaani saa 24), nikakata desimali. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyelalamika. Machi 2024 mtu akachukua gari tarehe 8, akarudisha tarehe 12. Kwa kalenda ni siku nne. Lakini usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 10, ilipofika saa nane kule saa ziliruka zikawa tisa, hivyo katikati palikuwa na saa 95 badala ya 96. Gawanya kwa 24 upate 3.958. Desimali zikakatwa, akatozwa siku tatu.

Siku mbili nzima nilitafuta kosa nisilione, maana kwangu jibu lilikuwa nne kila mara. Nilipoendesha programu kwa TZ=America/New_York, yaani ijione iko New York, ile tatu ikajitokeza papo hapo. Sasa nachukua mwaka, mwezi na siku peke yake, napitisha kwenye Date.UTC (amri ya JavaScript inayohesabu tarehe kwa UTC), ndipo natoa. Katika UTC kila siku ina saa 24. Na anayedhani kupandisha desimali juu ni dawa, angoje Novemba: siku nne zitakuwa na saa 97, jibu litoke tano.

Leteni yenu.

Mdau wa Kasarani: Hiyo Novemba naijua. Tulikuwa na kazi ya kutuma vikumbusho vya malipo, imepangwa saa saba na nusu usiku kwa saa za New York. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa kutoka nane hadi saba, kwa hiyo saa saba na nusu inapita mara mbili usiku huohuo. Kipanga kazi chetu kikatuma mara mbili. Wateja wakaamka na vikumbusho viwili, na wengine wakalipa vyote viwili. Kurudisha zile pesa kulituchukua wiki. Seva tuliihamishia UTC, na kila kikumbusho sasa kina alama ya "kimeshatumwa" kwenye hifadhidata.

Dada wa Rongai: Mimi nilidhani UTC ndiyo jibu la kila kitu. Nilihifadhi miadi ya kliniki ya London kwa UTC, ikiwemo ya miezi ijayo. Mgonjwa wa kila Jumatatu saa nne asubuhi, baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi akaonekana ni wa saa tano. Kilichokuwa kinarudiwa ni masaa 168 kamili, si wiki ya kalenda. Miadi ijayo nahifadhi saa ya pale penyewe pamoja na jina Europe/London, kamwe si +00:00. Yaliyokwisha pita ndiyo naweka UTC.

Mwanzisha mada: Asante dada, hapo umenisaidia. Jina la ukanda wa saa, kama Europe/London, lina kanuni zake zote, tofauti ya saa peke yake haijui lolote kuhusu Machi.

Mdau wa South B: Langu halihusu kusogeza saa moja kwa moja, ila ni la familia hiyo. Lugha ya Python, maktaba ya pytz ya kanda za saa. Nilipachika Africa/Nairobi moja kwa moja kwenye tzinfo (sehemu ya tarehe inayobeba ukanda wa saa), na kila tukio likawa limekosea kwa dakika 33. Si saa moja, si tatu. Dakika 33! Kumbe ukipachika hivyo inachukua muda wa kale wa jua la Nairobi, +2:27, wa kabla ya saa rasmi. Inatakiwa utumie localize, amri ya pytz yenyewe ya kuweka ukanda. Nimehamia zoneinfo, maktaba iliyomo ndani ya Python tangu 3.9.

Mdau wa Ngara: Na msisahau kusasisha tzdata, yaani data ya kanuni za kanda za saa. Misri ilirudisha kusogeza saa mwaka 2023, kuanzia tarehe 28 Aprili. Seva yetu ilikuwa na tzdata ya zamani, ikaendelea kuhesabu Cairo kuwa UTC+2, wakati siku hiyo Cairo na Nairobi zilikuwa zinasoma saa ileile. Madereva wa mteja wetu wakafika kwenye mzigo wakiwa wamechelewa saa nzima, ghala likiwasubiri.

Dada wa Rongai: Mdau wa Ngara, hiyo tzdata mliisasisha kwenye mfumo wa seva tu, au na ndani ya kontena (vifurushi vinavyoendesha programu) pia? Zetu zina nakala zake, na sijazigusa tangu mwaka jana.